Jibu Langu Kaburini

"Vua hiyo nguo."

"Sivui."

"Shemeji, nimesema vua. Mjane haendi hotelini kushangilia wanaume."

"Nimeshavaa, Randu. Safa ananingoja nje."

"Safa hana matanga."

"Hata mimi sina. Matanga yaliisha kabla ya Pasaka. Mbuzi ulimchinja wewe, na kichwa ukakila wewe."

Randu alikuwa amesimama mlangoni, mkono huku na mkono huku, kama mwenye nyumba. Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani kwangu akikunja leso ambayo ilikuwa imeshakunjwa. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionichosha zaidi.

"Dorothy mwanangu, kesho wazee wanakuja. Mnazi wa kunywa umeshagemwa. Mwanamke anayepewa mume kesho, leo anakaa nyumbani anapumzika."

"Nitapumzika nikirudi, mama. Filamu ni saa tisa. Jioni niko hapa napika."

"Ukivuka kizingiti hiki usirudi," Randu akasema.

"Maji ya kuchanganyia saruji ya kizingiti hicho niliyabeba mimi, nina mimba ya Sarah. Nipishe."

Hakunipisha. Nikapita chini ya mkono wake. Mimi ni mfupi, na ufupi una faida zake.

Wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, jua haya tu. Mume wangu Ziro alikuwa dereva wa trela, akibeba makontena bandarini Kipevu. Mwezi wa kwanza alibanwa baina ya trela mbili akafa. Tulimzika kwao, Ganze. Niliporudi nyumbani Ziwa la Ng'ombe kutoka matangani, hoteli nilikokuwa mpishi ilikuwa imeshapata mpishi mwingine. Hayo nimeshayasimulia, siyarudii.

Nililolisimulia wiki jana ndilo lililonifunga. Kwao mume wangu, mjane huulizwa siku ya kumaliza matanga kama atarithiwa na ndugu wa marehemu au atakaa peke yake na wanawe. Mimi niliulizwa mapema, palepale kaburini, watu wakiwa bado wameshika majembe. Aliyeniuliza ni Mzee Kadenge, baba mdogo wa Ziro. Randu, ndugu wa Ziro, anasema nilijibu ndiyo.

Mimi sikumbuki. Asubuhi ile nilikuwa nazimia nikizinduka, wakanipeleka zahanati nikadungwa sindano. Tangu sindano ile mpaka kesho yake, kichwani mwangu hamna kitu. Hata sasa ganzi haijaniisha: nikigusa chungu cha moto, najua ni cha moto kwa kuwa ngozi inabadilika rangi.

Mzee Kadenge naye alifariki mwezi wa sita, kwa hiyo hakuna wa kumuuliza. Wa kijijini waliokuwa karibu nami kaburini ni Randu na rafiki zake wachimbaji. Wengine walikuwa nyuma, spika za disko la matanga zikiwapigia masikioni. Mama mkwe hakutoka ndani siku ile. Yeye anashika alichoambiwa na mwanawe.

Utaniuliza, si kulikuwa na kamera? Ilikuwepo. Kwetu siku hizi hakuna mazishi bila kamera. Kijana wa video anapanda juu ya gari, anapiga kila kitu, na baadaye familia inaketi kutazama nani alilia na nani alijitia kulia. Yetu hatukuitazama. Randu alisema kadi ya kamera ililowa mvua.

Basi nikakubali. Mimi si mtu wa kugeuza neno. Na neno lililosemwa kaburini, ukoo ule unaamini, ukiligeuza wanaoumia ni watoto. Nina diploma ya upishi, lakini pia nina Sarah na mdogo wake. Wazee walisema niachwe kwanza nichoke kulia. Sasa wameona nimechoka. Kama nilisema ndiyo, kesho yake Jumapili Randu angeleta kitanda chake ndani ya nyumba yangu, na mimi ningemtandikia.

Katika mwaka huu wote jambo zuri lilikuwa moja tu. Jambo hilo ni Mahir Tumu.

Mahir ni mwigizaji, mzaliwa wa Likoni. Tamthilia yake nilikuwa siikosi, na Ziro alikuwa akinitania: "Mume wako wa televisheni ameshafika, nipe mimi chakula nikalale." Siku ya mazishi Mahir alikuja Ganze. Yeye mwenyewe, na watu wake, kwa magari mawili. Simkumbuki, ila picha ninayo kwenye simu: amesimama kaburini ameshika mkono wangu, macho mekundu.

Hakuna aliyemuuliza amefuata nini. Mtu akija msibani haulizwi hilo. Anapewa maji, anapewa kiti, anapewa wali. Sisi tulijua amekuja kuzika, na kijiji kizima kikajisifu. Kila nilipokwama mwaka huu nilifungua simu nikaitazama ile picha. Nilijiambia, mtu yule hanijui, na alilia.

Kwa hiyo Safa, jirani yangu muuza mahamri, alipojibu swali redioni akapata tikiti mbili za onyesho la kwanza la filamu mpya ya Mahir, sikuwa na haja ya kufikiri. Nilitaka kumwambia ahsante. Nilitaka nimwambie kabla ya Jumapili, nikiwa bado mke wa Ziro.

Onyesho lilikuwa Bamburi, kwenye ukumbi wa hoteli ileile iliyonifuta kazi. Walikuwa wametandika zulia jekundu. Nalijua zulia lile. Tulikuwa tukilitandika kwenye harusi, na upande wa kushoto lina doa la mchuzi ambalo halikutoka kwa sabuni yoyote.

"Wallahi leo nikimgusa Mahir siogi mpaka Ijumaa," Safa akasema.

"Ijumaa ni mbali, Safa. Na wateja wako je?"

"Watakula mahamri yenye harufu ya Mahir. Nitapandisha bei." Akanitazama. "Nawe cheka kidogo basi, shoga yangu. Uso kama umekuja kulipia maji."

Mahir akashuka garini. Watu wakapiga kelele, Safa akapiga kuliko wote. Alikuwa amevaa kanzu nyeusi yenye nyuzi za dhahabu. Akawa anapita akisalimia, mpaka akafika kwetu.

Akaniona. Tabasamu likabaki, lakini macho yakaondoka.

"Mama... Mama Sarah, sivyo?"

"Ndiye. Nimekuja kukushukuru. Ulimzika mume wangu."

"Ulialikwa na nani, mama?"

"Nina tikiti."

Akatazama nyuma, akatazama tena kwangu. "Kule nje kuna viti vizuri, pana upepo. Si mngekaa huko kwanza, mletewe soda? Filamu yenyewe inaanza polepole."

Safa akaingilia. "Tukae nje? Kwani sisi tumekuja kuoga bahari?"

Mahir akavutwa na wapiga picha. Tukaingia.

Filamu iliitwa *Mrithi wa Kipevu*. Kijana amekwenda ng'ambo, baba yake wakala wa mizigo anakufa, kijana anarudi. Mahir ndiye kijana. Nilikuwa naifuata vizuri. Nilikuwa hata nimeanza kufikiri kwamba mpiga pasi wake hajui kazi.

Kisha wakafika kwenye mazishi.

Niliuona kwanza mnazi uliokatika kichwa. Nikasema moyoni, hata Ganze kwetu upo mnazi kama ule. Halafu nikaiona nyumba ya mama mkwe. Halafu nikaliona sanduku. Sanduku lile nililichagua mimi, kwa fundi wa Kisauni, kwa sababu vishikio vyake havikuwa vya plastiki.

"Dorothy," Safa akanong'ona. "Dorothy, yule si wewe?"

Nilikuwa mimi. Nimefungwa leso mbili, wachimbaji wawili, rafiki za Randu, wamenishika kwapani, kichwa kinayumba. Karibu yangu Mahir, amejaa pazia zima la sinema. Nyuma yake Randu, jembe begani, amegeukia kamera kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Nilitazama mazishi ya mume wangu kama natazama harusi ya watu nisiowajua. Sikulia. Nilingojea nilie, sikulia.

Mwanamke wa nyuma yetu alikuwa analia yeye. "Jamani, huyu mama anaigiza! Wamemtoa wapi huyu?"

Safa akageuka mzimamzima. "Haigizi! Ndiye huyu hapa! Na aliye ndani ya sanduku ni mumewe!"

"Shhh!" watu wakasema.

Kwenye pazia Mzee Kadenge akatokea upande wa kulia, na kofia yake ya kitambaa. Akaniinamia. Midomo yake ikaanza kwenda. Muziki wa vinanda ulikuwa umefunika kila kitu, sauti haikusikika hata moja. Midomo yake ikasimama. Kwenye pazia nikainua uso. Nikafungua mdomo.

Wakakata. Wakaonyesha jicho la Mahir na chozi linashuka.

Nikasimama.

"Unakwenda wapi?" Safa akauliza.

"Kazini."

Ukumbi ule naujua hata nikifungwa macho. Nikapita ukutani mpaka nyuma kabisa, kwenye meza ya mitambo. Aliyeketi pale alikuwa Kai, kijana wa video. Kai ni wa kijiji kimoja na mume wangu. Mazishi yetu aliyapiga yeye.

Aliponiona aliinuka, spika za masikioni zikamdondokea shingoni. "Shikamoo, Mama Sarah."

"Marahaba. Simamisha."

"Siwezi, mama, kuna wageni wa—"

"Simamisha, Kai. Mnanionyesha mume wangu."

Akabonyeza. Mahir akaganda kwenye pazia, chozi nusu ya shavu. Taa zikawashwa. Watu wakaanza kunung'unika wakigeuka nyuma.

"Niliambiwa kadi ililowa mvua," nikasema.

"Mvua gani, mama? Ganze, mwezi wa kwanza?"

Hapo nilijiona mjinga. Ganze mwezi wa kwanza hata umande huombewa dua. Nami niliambiwa mvua nikaitikia.

"Nakala nilimpa Randu wiki ileile," Kai akasema. "Alisema mmeitazama, mmeridhika."

Mahir alikuwa ameshafika, kanzu ameishika juu kama mtu anayevuka tope. "Mama, naomba tuzungumze pembeni."

"Zungumza hapahapa."

"Sisi tuliambiwa umekubali. Tulikuwa tunahitaji mazishi ya kweli, na Kai alikuwa na kazi kwenu. Ndugu wa marehemu akasema hakuna tatizo. Akasema wewe unapenda kazi zangu, utafurahi. Tulimuuliza, mjane mwenyewe je? Akasema ameshajibu ndiyo."

"Alisema hivyo? Ameshajibu ndiyo?"

"Kwa maneno hayo."

"Na yale machozi yako?"

"Yalikuwa machozi ya kweli, mama."

"Ya nani?"

Nikaitoa simu mfukoni, nikaitazama ile picha, nikairudisha. Haikuniuma. Ilikuwa kama kutoa jino baada ya ganzi, unasikia tu kwamba kitu kimetoka.

Lakini kichwa changu kilikuwa kinafanya kazi, tena vizuri kuliko mwaka mzima. Nilikuwa na ndiyo mbili za siku moja. Sikumbuki hata moja. Na zote mbili zimetoka kinywani mwa mtu mmoja, na mtu huyo si mimi.

"Mahir, ulikuwa umesimama karibu nami. Yule mzee aliponiuliza, nilimjibu nini?"

"Mlizungumza Kigiriama, mama. Mimi sikielewi. Na kusema kweli nilikuwa nafikiria zamu yangu ya kulia." Akafuta uso. "Ulisema neno moja tu. Hilo nalikumbuka. Neno moja."

"Kai, wewe Kigiriama ni chako. Sauti ya siku ile umewahi kuisikiliza?"

"Ya pale kaburini? Hapana, mama. Kelele za disko zilikuwa nyingi, tukaitoa yote tukaweka muziki. Lakini ipo. Mahir alikuwa amevaa maikrofoni kifuani. Iko humu." Akagusa kompyuta yake kama mtu anayegusa mbwa wa wenyewe.

"Iweke kwenye spika."

"Spika hizi za ukumbi?"

"Ndizo zilizotumika kuniliza mbele za watu. Zitumike tena."

Kai akatazama huku na huku, kisha akaanza kutafuta. Mlango wa nyuma ukafunguliwa kwa kishindo. Randu. Alikuwa na kofia ya pikipiki mkononi, vumbi mpaka kwenye kope.

"Dorothy! Toka hapo!"

"Leo umeniita Dorothy. Shemeji imekwisha?"

"Unatutia aibu. Watu wote wanakutazama."

"Wameshaniona nikilia, Randu. Imebaki kunisikia."

Safa alikuwa amenifuata. Akajiweka baina yetu, mikono kiunoni. "Karibu, nyota wa filamu. Tumekuona na jembe lako. Umetoka vizuri, ila tumbo ungelivuta ndani."

Baadhi ya watu wakacheka. Randu hakucheka. Alikuwa anaitazama kompyuta ya Kai, na uso wake ukabadilika. Sauti ikashuka, ikawa laini. Sikuwahi kuisikia ikiwa laini hivyo.

"Shemeji, twende nyumbani. Tutazungumza vizuri, mimi na wewe na mama. Hata mambo ya kesho tunaweza kuyasogeza mbele. Hakuna haraka."

Mwaka mzima Randu alikuwa na haraka. Alikuwa na haraka ya kuhamisha vitu vya Ziro, na haraka ya kuwaambia watoto wamwite baba. Alipima hata chumba changu kwa kamba, aone kama kitanda chake kitaenea. Leo amekuwa hana haraka.

"Ipo tayari," Kai akasema kwa sauti ya chini. Lakini mkono wake aliuweka mapajani. "Mama, mimi ni kijana wa kule. Randu ni kaka yangu wa ukoo. Sitaki kuwa mimi niliyebonyeza."

Mahir naye akasema, "Mama, wadhamini wa filamu wako hapa. Nakuomba. Kesho asubuhi nitakuletea sauti hiyo mwenyewe, mkononi."

"Kesho asubuhi wazee watakuwa wameshakunywa mnazi."

Nikawageukia watu. Sikupaza sauti. Jikoni nilijifunza kwamba ukisema taratibu watu husogea wakusikie.

"Mimi ndiye yule mliyemwona kwenye pazia. Pale kaburini niliulizwa kama nitarithiwa na huyu bwana mwenye kofia ya pikipiki. Yeye anasema nilikubali. Mimi nilikuwa nimedungwa sindano, sijui. Kama nilisema ndiyo, kesho alete kitanda chake, na sitatia neno, kwa sababu neno langu ni neno. Kama nilisema hapana, kitanda kibaki kwa mamake. Wengi wenu humu mnajua Kigiriama. Sikilizeni nami."

"Dorothy," Safa akaninong'oneza. Sasa hakuwa anatania. "Na ikiwa ulisema ndiyo? Si bora usijue?"

Nilifikiri juu ya hilo. Nilifikiri juu ya Sarah, anayefunga mlango wa chumba kila Randu anapokuja. Nilifikiri juu ya kutandika kitanda kile kila asubuhi bila kujua.

"Kai, ni kitufe kipi?"

"Hicho kirefu, mama. Cha chini."

Randu akasema, "Usithubutu."

Nikakibonyeza.

Kwanza ikaja ngurumo ya disko, kwa mbali. Majembe. Mbuzi. Mtu anakohoa. Kisha, karibu sana, kana kwamba amesimama palepale kwenye meza ya mitambo, marehemu Mzee Kadenge akaniita kwa Kigiriama: mke wa Ziro, unasikia? Akaniuliza. Aliuliza vizuri, taratibu, kama mtu mwenye haki ya kuuliza na mwenye subira ya kungoja.

Halafu ikasikika pumzi. Ilikuwa yangu.

Kabla neno lenyewe halijatoka, nyuma yangu kofia ya pikipiki ikaanguka sakafuni. Nikageuza kichwa kidogo tu. Randu alikuwa ameshakimbilia mlango wa pembeni, amekamata kishikio kwa mikono miwili, anavuta, anavuta.

Mlango ule hauvutwi, unasukumwa. Sikumwambia. Nilikuwa nasikiliza.